Jinsi Mwanafunzi Atengenezavyo Filamu Fupi ya Taharuki

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka kuwaeleza habari za kazi moja ambayo watu wengi huuona mwisho wake tu, wala hawaujui mwanzo wake. Kazi hiyo ni kutengeneza filamu fupi ya taharuki.

Taharuki ni ile hali ya moyo kudunda na mtu kushindwa kutulia, kwa sababu ajua kwamba jambo baya li karibu kutokea, ila hajui kama yule amhurumiaye ataokoka. Mtazamaji hushika kiti kwa mikono miwili. Na picha ikiisha hucheka na kujionea haya, maana hakuna lililompata. Je, hofu ile ilitoka wapi? Wengi hujibu kwamba ilitoka katika damu, bunduki na giza. Sivyo. Hofu ile ilipangwa mezani, kwa kalamu na karatasi, kabla kamera haijafunguliwa.

Ili tufahamu vema, na tuwatazame wanafunzi wa Uingereza. Huko vijana wa miaka 16 hadi 18 waweza kuchagua somo la vyombo vya habari, yaani magazeti, redio, sinema na kadhalika. Katika mtihani mmoja wa somo hilo, uliotumika kwa miaka kadhaa tangu mwaka 2008, mwanafunzi aliweza kuchagua kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu mpya ya hadithi, pamoja na majina yake, usiozidi dakika 2. Picha zote zilipasa kuwa kazi ya wanafunzi wenyewe. Alama zilikuwa 100: katika hizo, 60 zilikuwa za filamu yenyewe, 20 za utafiti na mpango, na 20 za maelezo ambayo kwayo mwanafunzi alijipima mwenyewe. Wengi walichagua taharuki, kwa kuwa haihitaji majeshi wala majumba ya kifalme. Nyumba moja, mtu mmoja na mlango mmoja vyatosha.

Labda utasema, "Dakika 2 ni kitu gani?" Lakini picha za sinema hupita 24 kwa kila sekunde moja, hivyo dakika 2 ni picha 2,880, na kila moja yaweza kumsaidia mtazamaji au kumpoteza.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hana budi kulijua ni tofauti kati ya mshtuko na taharuki. Mwalimu mkubwa wa jambo hili alikuwa Alfred Hitchcock, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa London mwaka 1899. Katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut, yaliyofanyika mwaka 1962 na kisha kuchapwa kitabu, alitoa mfano ambao nitaueleza kwa maneno yangu. Watu wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Ghafula bomu lililofichwa chini ya meza lalipuka. Mtazamaji ashtuka, na mshtuko wake ni wa sekunde chache tu. Sasa geuza mambo. Mwonyeshe mtazamaji kwanza yule mtu mwovu akiliweka bomu, na saa ukutani, na wakati litakapolipuka. Kisha waache wale watu waendelee na mazungumzo yao matupu. Maneno ni yale yale, meza ni ile ile, lakini sasa mtazamaji ataka kupiga kelele, "Ondokeni!" Taharuki yake yaweza kudumu dakika 15. Na tofauti yote ni hii: mtazamaji ameambiwa jambo ambalo waliomo ndani ya hadithi hawalijui.

Hitchcock mwenyewe alikwisha kuitumia hila hiyo katika filamu yake *Sabotage* ya mwaka 1936. Mtoto mwanamume atumwa kupeleka kifurushi ng'ambo ya mji wa London, naye hajui kwamba ndani mna bomu litakalolipuka saa nane kasorobo mchana. Sisi twajua. Mtoto acheleweshwa na mchuuzi wa dawa ya meno, kisha na maandamano ya njiani, kisha apanda basi linalokwenda polepole. Saa zaonyeshwa mara kwa mara. Mwisho bomu lalipuka, na mtoto afa pamoja na abiria wenziwe. Watazamaji wengi walikasirika, na baadaye Hitchcock alikiri kwamba alikosea. Ukimfunga mtu kwa hofu muda mrefu, yakupasa umfungue. Usipomfungua, haoni kwamba ametishwa, aona kwamba amedhulumiwa. Mwanafunzi ashikapo moyo wa mtazamaji amepewa amana, naye asiicheze.

Basi, mwanafunzi aanze vipi? Kwanza aandike hadithi yake kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Msichana aliye peke yake nyumbani asikia ufunguo ukigeuka katika kufuli, naye ajua kwamba ufunguo ule ulipotea juzi." Kama hadithi haiingii katika sentensi moja, haitaingia katika dakika 2. Kosa la wanafunzi wengi ni kutaka mengi: wezi watano, magari mawili, na mauaji matatu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kimoja hakibebi gunia.

Pili, achore. Huchukua karatasi na kuigawanya katika vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba huchora picha moja kama itakavyoonekana: hapa uso wa msichana kwa karibu, hapa kufuli, hapa ukumbi mzima kwa mbali. Chini yake huandika sauti itakayosikika na muda wa picha. Si lazima awe fundi wa kuchora. Vijiti vya mikono na miguu vyatosha. Faida yake ni kwamba makosa huonekana mapema. Kufuta mstari wa kalamu ya risasi ni kazi ya nukta moja, bali kuwaita tena wachezaji wanne siku ya pili, na mmoja wao amekwisha nyoa nywele, ni kazi ngumu.

Tatu, aende akapaone mahali pa kupigia picha, tena kwa saa ile ile atakayopigia, maana mwanga wa asubuhi si mwanga wa jioni. Asikilize pia: labda karibu pana barabara kuu ambayo kelele zake zitafunika mazungumzo. Aombe ruhusa kwa mwenye nyumba. Na kama hadithi ina silaha ya bandia, ajihadhari sana. Sheria ya Uingereza yakataza kuichukua bunduki ya bandia mahali pa watu wengi pasipo sababu ya haki. Mpita njia hajui kwamba ule ni mchezo. Polisi aitwaye kwa haraka naye hajui. Kwa hiyo hupasa polisi waarifiwe kabla, au, lililo bora, silaha iachwe kabisa na mahali pake pawekwe kivuli ukutani. Mara nyingi kivuli hutisha zaidi.

Kabla ya kuanza filamu yao, wanafunzi wa mtihani ule walipewa zoezi dogo. Mtu afungue mlango, apite chumbani, aketi kitini mbele ya mwenziwe, kisha waseme maneno machache. Kwa masikio ni jambo la kitoto, lakini ndani yake mna misingi mitatu. Wa kwanza ni kuunganisha tendo. Mkono ukishika kitasa katika picha ya nje, lazima picha ya ndani ianze mlango ukiwa katika kufunguka pale pale ulipoachwa. Ikiwa sivyo, mtazamaji huona kwamba pameruka kitu. Wa pili ni kupokezana picha za wasemaji: huyu asema, yule ajibu, nasi twaona nyuso zao kwa zamu. Wa tatu ni mstari usiovukwa. Fikiri kwamba uzi umevutwa kati ya watu wale wawili. Kamera ikae upande mmoja wa uzi huo. Ikivuka, aliyekuwa kushoto ataonekana kulia, na mtazamaji hatajua nani amtazama nani. Katika taharuki jambo hili ni kubwa mno. Akimbiaye akielekea kulia, na amfukuzaye naye aelekee kulia. La sivyo wataonekana kama wakutanao, na hofu yote itageuka kichekesho.

Huenda msikilizaji akasema, "Haya yataka fedha nyingi." Na tumwangalie kijana mmoja wa London, Christopher Nolan, aliyezaliwa mwaka 1970. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika University College London, na hapo alitumia vyombo vya chama cha filamu cha wanafunzi. Filamu yake fupi *Doodlebug*, ya mwaka 1997, ni ya dakika 3 hivi. Ina mchezaji mmoja, chumba kimoja na kiatu kimoja: mtu anakiwinda kidudu sakafuni ili akiponde, kumbe kidudu kile ni yeye mwenyewe kwa umbo dogo, na akiisha kukiponda, nyuma yake yatokea sura yake mwenyewe, kubwa mno, nayo yamponda yeye.

Mwaka uliofuata ilitoka filamu yake ndefu ya kwanza, *Following*. Wachezaji walikuwa na kazi zao za kila siku, kwa hiyo walipiga picha siku za Jumamosi tu, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Gharama ilikuwa dola 6,000 hivi, kiasi kidogo sana kwa filamu. Kilichokuwa ghali ni mkanda. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 huisha kwa dakika 11 tu, na kila kosa la mchezaji ni fedha iliyochomwa. Walifanyaje? Walirudia mazoezi mara nyingi, kana kwamba ni mchezo wa jukwaani, hata kamera ilipofunguliwa waliweza kumaliza kipande kwa kukipiga mara moja au mbili. Badala ya taa za kukodi walitumia mwanga wa madirishani. Badala ya majumba ya kukodi, nyumba za rafiki. Mwaka 2024 Nolan alipewa tuzo ya Oscar ya uongozaji kwa filamu yake *Oppenheimer*. Siku hizi mwanafunzi aweza kupiga picha kwa simu bila kununua mkanda, na hapo ndipo penye hatari: kwa kuwa kosa halimgharimu kitu, huacha mazoezi, kisha hurudi nyumbani na vipande mia visivyoungana.

Vipande vikiisha kupatikana, huanza kazi ya kuviunga. Karibu na mwaka 1920 Mrusi Lev Kuleshov alifanya jaribio lenye sifa. Alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akaiunga mara na sahani ya mchuzi, mara na jeneza. Waliotazama walidhani kwamba uso ule umebadilika: hapa una njaa, hapa una majonzi. Kumbe uso ulikuwa ule ule. Kwa hiyo msichana wetu hana haja ya kupiga mayowe. Uso wake mtulivu, kisha kufuli lililogeuka nusu, kisha uso wake tena; mtazamaji mwenyewe ataijaza hofu.

Na sauti nayo? Sauti ni nusu ya taharuki. Katika filamu ya Hitchcock iitwayo *Psycho*, ya mwaka 1960, yeye alikusudia mahali pa mauaji ya bafuni pasiwe na muziki wowote. Mtunzi Bernard Herrmann akaandika muziki wa vyombo vya nyuzi peke yake, mkali kama kelele za ndege. Hitchcock alipousikia aliacha shauri lake, akakubali. Lakini mwanafunzi asidhani kwamba ni muziki sikuzote. Tone la maji, hatua za miguu ghorofani, au saa iendayo kisha ikasimama, vyaweza kufanya kazi ile ile. Na kimya kilichowekwa mahali pake chatisha kupita ngoma.

Mwisho, yafaa amwite mtu asiyeijua hadithi, amwonyeshe filamu, naye mwenyewe asitazame filamu bali autazame uso wa mgeni wake. Akimwona anapiga miayo, ajue kwamba pale pana sekunde za kukatwa, hata kama ndizo zilizomtaabisha kuliko zote. Asijitetee, wala asieleze. Filamu inayohitaji mwenyewe asimame karibu nayo na kuieleza, haijaisha.

Basi, wasikilizaji, mtakapoona tena sinema ikawashika roho, jiulizeni swali hili: Je, nimeambiwa nini ambacho yule aliye hatarini hakuambiwa, na nani aliyeamua niambiwe sasa? Hapo mtaona kwamba nyuma ya giza lile kulikuwa na mtu aliyeketi mezani mwenye karatasi, aliyewafikiria ninyi kabla hamjafika. Kwaherini.