Jibu la "Hapana" Katika Maabara: Jeni na Utambuzi wa Ndui ya Nyani Huko Kamituga

Mganga aonapo malengelenge mwilini mwa mgonjwa, hubahatisha: huenda ni tetekuwanga, huenda ni ndui ya nyani, ambayo tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani huiita mpox. Magonjwa haya hufanana, tena mtu mmoja aweza kuwa nayo yote mawili. Ndiyo sababu maabara hutafuta jeni za kijidudu chenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza utafutaji huo, na hasa mpaka wake, kwa kutumia mfano wa Kamituga, mji wa wachimbaji dhahabu katika Kivu ya Kusini.

Kila kijidudu kina maandishi yake ya urithi, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Ya kirusi cha ndui ya nyani yana herufi zipatazo 197,000. Mbinu itumikayo zaidi kuyatafuta ni PCR, aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mtaalamu hutengeneza vipande viwili vifupi, tuviite vianzio, vinavyolingana na ncha mbili za sehemu anayoitafuta. Sampuli hupashwa joto hadi digrii 95 hivi, uzi pacha wa DNA ukaachana. Ikipozwa, vianzio hushika mahali pake, na kimeng'enya hunakili sehemu iliyo kati. Mzunguko huo ukirudiwa mara 30, nakala moja huweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. (Kimeng'enya cha kwanza kustahimili kazi hiyo kilitokana na bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani.)

Lakini vianzio visipopata mahali pa kushika, hakuna nakala, na mashine hujibu "hapana". Haitofautishi kati ya kirusi kisichokuwapo na kirusi ambacho sehemu yake imebadilika.

Hilo ndilo lililotokea Kamituga. Kirusi hiki kina koo mbili, wa kwanza ukijulikana hasa Afrika ya Kati na wa pili Afrika ya Magharibi. Kulikuwa na kipimo maalumu kilichotafuta jeni ambayo ukoo wa kwanza unayo na wa pili hauna. Ugonjwa ulipozuka Kamituga mwaka 2023, kipimo cha jumla kilithibitisha kwamba kirusi kipo, ila kile cha ukoo wa kwanza kilikana. Mwenye haraka angekata shauri kuwa ni ukoo wa pili. Watafiti waliposoma maandishi yote, herufi kwa herufi, walikuta ni ukoo wa kwanza kabisa, lakini tawi jipya lililopoteza kipande cha herufi 1,100 hivi, pale pale kipimo kilipokuwa kikitafuta. Tawi hilo likaitwa Ib.

Usomaji huo ulifichua jambo kubwa zaidi. Maandishi yalikuwa na mabadiliko ya aina inayoachwa na kinga iliyomo ndani ya chembe za binadamu, ishara kwamba kirusi kilikuwa kikipita toka mtu hadi mtu, wala si kutoka kwa mnyama wa msituni kila mara. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa, iliyodumu hadi Septemba 2025.

Kwa maoni yetu, kipimo kinachotegemea sehemu moja tu ya jeni hakifai kuachiwa hukumu peke yake. Vizuri zaidi kitafute sehemu mbili, na baadhi ya sampuli zisomwe zote papa hapa nchini. Liko pia suala la lugha, linalotuhusu sisi wa idara hii. Katika zahanati zetu neno "negatif" hufasiriwa mara nyingi "huna ugonjwa". Tungependekeza "kipimo hakikukuta kirusi", kwani sampuli iliyochukuliwa vibaya au iliyoharibika njiani huleta jibu lile lile, na mgonjwa hurudi nyumbani kulala na watoto wake.