Panya Aliyedhurika kwa Ladha

Je, wajua kwamba maji matamu yasiyo na sumu hata chembe yaliwahi kushusha kinga ya panya?

Robert Ader, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wala hakuwa akichunguza kinga. Alitaka kujua panya anavyojifunza kuchukia kinywaji. Aliwapa maji yenye sakarini, kisha akawadunga saiklofosfamidi, dawa ya saratani inayochafua tumbo. Mara moja ikatosha: wakayasusa. Ili aone watasahau lini, akaendelea kuwapa maji yaleyale, safari hii bila dawa. Baadhi wakaanza kufa. Na waliokunywa mengi siku ile ya sindano ndio waliokufa zaidi.

Saiklofosfamidi haileti kichefuchefu tu, hudhoofisha pia kinga. Ader akashuku kwamba mwili wa panya ulikuwa umejifunza yote mawili kwa mpigo. Akaungana na Nicholas Cohen, mtaalamu wa kinga, wakawadunga panya wengine waliofunzwa vivyo hivyo chembe nyekundu za damu ya kondoo, kitu kigeni kinachoamsha kinga. Waliorudishiwa maji matamu walitengeneza kingamwili chache kuliko wenzao. Matokeo yakatoka mwaka 1975, na wengi wakayatilia shaka, maana ilifundishwa kwamba kinga hujiendesha yenyewe.

Njia ya mawasiliano kati ya ubongo na kinga ilianza kuonekana miaka ya 1980, pale mtafiti wa neva David Felten alipoona kwa hadubini nyuzi za neva zikiingia kwenye wengu hadi kwenye seli za kinga. Homoni nazo zimo: wasiwasi ukidumu, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, nayo huzipunguzia makali seli nyeupe. Katika utafiti uliotoka mwaka 1995, watafiti wa Ohio waliwatoboa kijidonda cha milimita 3.5 mkononi wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu. Kilichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko cha wasio na mzigo huo.

Hapa ndipo wauza miujiza hudandia, wakidai imani pekee yatosha kuponya. Lakini katika utafiti uliotoka mwaka 1982, Ader na Cohen waliwapa panya wenye mwelekeo wa kuugua lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, nusu ya dozi ya dawa ileile pamoja na maji matamu, na mara nyingine maji matamu peke yake. Wakaishi muda mrefu kuliko waliopata dozi hiyohiyo bila ladha kuambatanishwa na dawa. Ladha iliisaidia dawa, haikuchukua nafasi yake. Anayekushauri uache dozi ubaki na imani tu, mwulize ile nusu nyingine ameipeleka wapi.