Harufu ya Mwili na Mahaba: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza namna pua inavyoipokea harufu, na jinsi Linda Buck na Richard Axel walivyoigundua mwaka 1991 jamii kubwa ya jeni zinazounda vipokezi vyake, kazi iliyowastahilisha Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Leo tunaingia katika lile suala ambalo wengi, nadhani, ndilo walilokuwa wakilingojea: je, yumkini mtu akavutiwa na mwenziwe kwa sababu ya harufu ya mwili wake, harufu ya asili aliyoumbwa nayo, kabla hajajipaka marashi wala kujifukiza udi?

Wenye kulikubali jambo hili bila ya shaka aghalabu huanza hoja yao kwa wadudu, na hakika huko ndiko kwenye ithibati iliyo wazi kuliko zote. Adolf Butenandt, mwanakemia wa Kijerumani, alishughulika yeye na wasaidizi wake muda wa miaka ishirini kutafuta kile ambacho nondo jike wa hariri hukitoa ili kumwita dume, wakakusanya tezi za nondo wapatao 500,000, hata ulipofika mwaka 1959 wakawa na miligramu chache tu za kitu safi walichokiita bombikoli. Dume akifikiwa na kiasi kidogo mno cha kitu hicho, hata kama jike mwenyewe hayupo, papo hapo huanza kupigapiga mbawa na kuzungukazunguka akimtafuta, wala hana hiari. Mwaka huo huo wataalamu wakatunga jina la feromoni kwa vitu vyote vya namna hiyo, ambavyo mnyama mmoja huvitoa na mwenziwe wa aina moja akavitii. Nguruwe nao wana yao: mate ya dume yana kitu kiitwacho androstenoni, na jike aliye tayari kupandwa akikinusa husimama kidete asitikisike, kiasi cha kwamba wafugaji huko Ulaya hukinunua mikebeni wakampulizia jike puani ili wajue kama wakati wake umewadia.

Kuanzia hapo ikawa wepesi kwa watu kudhani kwamba mwanadamu naye anacho chake, na wafanyabiashara wakajaza vichupa wakaviuza kwa ahadi kwamba atakayejipaka atapendwa na kila apitaye karibu naye. Ahadi hiyo haina msingi. Tristram Wyatt wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyeifanya feromoni kuwa elimu ya maisha yake, alizipitia hoja zote mwaka 2015 akahukumu kwamba hakuna hata kitu kimoja kilichothibitishwa kuwa ni feromoni ya binadamu. Na tena, kile kiungo kidogo cha puani ambacho wanyama wengi hukitumia kwa kazi hiyo, kilichoelezwa na Ludwig Jacobson mwaka 1813, kwetu sisi kimebaki kijishimo tu, na jeni iliyohitajika kukiendesha imekwisha kuharibika. Mtu mzima asiuze utu wake kwa kichupa.

Walakini kukosekana kwa feromoni si kukosekana kwa taathira ya harufu, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwani huitupa habari yote kwa sababu ya uongo wa wauzaji. Tutazame kwapa. Mna tezi ndani yake ambazo hulala tangu mtoto azaliwe hata abalehe, ndipo zinapoamka na kutoa jasho zito kidogo kuliko lile la usoni, jasho ambalo, linapotoka, halina harufu yoyote. Bakteria wanaokaa juu ya ngozi ndio wanaolivunjavunja na kulifanya kikwapa, na kwa kuwa ngozi na bakteria wa kila mtu vina sifa zao, kila mtu huwa na harufu yake. Ajabu ni kwamba wako watu wasiokuwa nayo kabisa au karibu na kabisa: wengi wa Wakorea, Wajapani na Wachina wana badiliko dogo katika jeni iitwayo ABCC11, ambalo hulifanya jasho lao la kwapani lisiwe na cha kuoza, na nta ya masikio yao iwe kavu. Mataifa hayo yamependana na kuoana na kuzaana kwa maelfu ya miaka, na mimi sioni hoja kubwa kuliko hiyo dhidi ya mwenye kusema kwamba mahaba yote yamo kwapani.

Utafiti uliozungumzwa kuliko wote ulifanywa Uswisi, katika Chuo Kikuu cha Bern, na Claus Wedekind pamoja na wenziwe, nao ukachapishwa mwaka 1995. Wanaume 44 walipewa kila mmoja fulana ya pamba, wakaambiwa wailalie siku mbili. Wakapewa sabuni isiyokuwa na manukato ya kufulia matandiko na kuogea, wakakatazwa vitunguu na vyakula vyenye viungo vikali, sigara na pombe, na wakatakiwa walale peke yao. Kisha fulana zikatiwa katika maboksi yenye tundu la kunusia, na wanawake 49 wakaja, kila mmoja akainamia tundu moja baada ya jingine akisema ipi yampendeza na ipi yamchukiza, naye hajui ni ya nani. Wachunguzi walikuwa wamekwisha kuzipima jeni za wote ziitwazo HLA, zilizo katika kromosomu ya 6, ambazo ndizo zinazouwezesha mwili kupambanua kilicho chake na kilicho kigeni, na ndizo hizo hizo matabibu huzilinganisha kabla ya kumtilia mgonjwa figo ya mtu mwingine. Ikaonekana kwamba wanawake walipendelea zaidi harufu ya wanaume ambao jeni zao hazikufanana na zao wenyewe, na mara nyingi harufu hiyo iliwakumbusha waume au wapenzi wao. Ama wale waliokuwa wakimeza vidonge vya kuzuia mimba, kwao mambo yaligeuka kinyume.

Hikima inayodhaniwa kuwamo ni kwamba mtoto wa wazazi wenye jeni mbalimbali hurithi kinga iliyo pana zaidi dhidi ya maradhi, na panya walikuwa wamekwisha kuonyesha tabia hiyo mjini New York tangu mwaka 1976. Ni fikra nzuri, lakini insafu yatulazimisha tueleze na upande wa pili. Carole Ober alipochunguza ndoa za Wahutterite wa Marekani, jumuiya ndogo ya kidini inayooana yenyewe kwa yenyewe, aliona kwamba waliofanana jeni hizo wameoana mara chache kuliko ilivyotarajiwa. Ilhali wengine waliochunguza wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini katika mwaka huo huo wa 1997 hawakuona dalili kama hiyo, na majaribio ya fulana yaliyorudiwa kwingineko yalipojumlishwa hayakukubaliana. Rai yangu ni kwamba harufu ina neno lake katika shauri la mapenzi, lakini haina kura ya turufu.

Wala msomaji wa pwani asidhani kwamba habari hizi ziko mbali naye. Miski tunayoithamini asili yake ni tezi ya paa dume wa milima ya Asia, na zabadi hukamuliwa katika tezi za fungo, mnyama wa misitu yetu wenyewe. Hivi vyote ni harufu za wanyama, ambazo mwanadamu amezichukua akazichanganya na asumini, rehani na udi. Nguo za bibi harusi zinapotandazwa juu ya tenga na chetezo kikafuka chini yake, moshi hauifuti harufu ya mwili wa mwenye kuivaa nguo ile, bali huungana nayo. Wachunguzi wa Prague walilithibitisha hilo mwaka 2012: mafuta mazuri ambayo mtu amejichagulia mwenyewe, yakichanganyika na jasho lake, yalionekana kupendeza zaidi kuliko mafuta aliyopewa tu, ijapokuwa yakiwa peke yake yalikuwa sawa kwa uzuri. Kwa hiyo somo anayeyajaribu mafuta juu ya ngozi ya mwari wake mwenyewe, badala ya kumnunulia kwa kusifiwa na muuzaji, ndiye aliyeshika njia ya sawa.

Tena kuna harufu ya mazoea, nayo kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwanusisha wanawake 96 fulana, wengine ya mume au mpenzi, wengine ya mtu wasiyemjua, wengine mpya, kisha wakawatia katika mtihani wa kuwatahayarisha. Walionusa fulana ya mwenzi wao walihisi dhiki kidogo kuliko wengine, na walionusa ya mgeni, homoni ya dhiki mwilini mwao ilipanda zaidi. Mwenye mume baharini atayaelewa haya bila ya mtihani.

Limebaki jambo ambalo ningeomba lisipitwe. Chembe za ubongo zitakazokuja kuiamrisha balehe hazianzii ubongoni; huanzia puani mwa mtoto angali tumboni, zikasafiri kwa kufuata mishipa ya kunusia hata zikafika mahali pake. Safari hiyo ikikatika, mtoto huzaliwa bila ya hisi ya harufu, na umri wa balehe ukifika, balehe haiji: mvulana sauti haivunjiki wala ndevu hazioti, na msichana haioni hedhi. Huu ni ugonjwa wa Kallmann, alioueleza Franz Josef Kallmann na wenziwe mwaka 1944, nao huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Kijana wa namna hii hana laana wala hakurogwa. Hutibiwa kwa homoni, akabalehe, na wengi wao hujaaliwa watoto, ijapokuwa kunusa hakurudi. Basi mzazi ambaye mwanawe wenziwe wamekwisha kuwa watu wazima naye amebaki vile vile, namsihi amuulize kama aliwahi kusikia harufu ya karafuu au ya samaki, na akijibu kwamba hapana, ampeleke hospitali bila ya kuona haya na amwambie daktari yote mawili pamoja.