Shirika la Nyumba la Taifa (Tanzania)

Shirika la Nyumba la Taifa (kifupi: NHC) ni shirika la umma nchini Tanzania linalojenga nyumba za kuuza na kupangisha. Lilianzishwa mwaka 1962, muda mfupi baada ya uhuru wa Tanganyika.

Historia

Katika miaka ya 1960 shirika lilibomoa nyumba duni za mijini, hasa Dar es Salaam, na kujenga mahali pake nyumba za gharama nafuu. Fedha zilitoka zaidi serikalini na kwa wafadhili, na zilipopungua ujenzi nao ulipungua.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo iliunganishwa na NHC kwa sheria ya mwaka 1990. Shirika likawa mwenye nyumba mkubwa, lakini kodi zilidhibitiwa kisheria hadi mwaka 2005, hivyo mapato yalikuwa madogo.

Kujenga na kuuza

Sheria za mwaka 2008 ziliruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake na kurahisisha mikopo ya nyumba ya benki. Kuanzia mwaka 2010 NHC ilipanga kujenga nyumba 15,000 katika miaka mitano. Ilikopa benki na kuanza miradi mikubwa Dar es Salaam, kama Morocco Square na Kawe 711. Miradi hiyo miwili ilisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kuendelea tena. Mwaka 2022 ulianza mpango wa Samia wa nyumba 5,000.

Mikoani

Nyumba za gharama nafuu zilijengwa pia wilayani, ikiwemo Muleba mkoani Kagera. Katika vijiji vya mkoa huo, kama vile vya kata ya Kanazi, familia nyingi hujijengea kidogokidogo kwenye kibanja cha ukoo. Kwa hiyo nyumba za shirika huwafaa zaidi watumishi na wakazi wa miji midogo.

Changamoto

Shirika hulipa riba ya mikopo, na mara nyingi hugharimia lenyewe barabara, maji na umeme hadi kwenye mradi. Gharama hizo huingia katika bei. Ndiyo maana nyumba inayoitwa ya gharama nafuu inaweza kubaki nje ya uwezo wa mtu wa kipato cha chini, ambaye ndiye aliyekusudiwa mwaka 1962.