Sherehe ya Sauti: Jinsi Sanaa ya Redio Inavyoweza Kulinda Urithi wa Meru na Embu

Wakazi wengi wa Meru na Embu huitumia redio kwa habari, mahubiri, muziki, matangazo ya vifo na bei za mazao. Kuna matumizi mengine ya redio ambayo hayazungumzwi sana. Katika nchi nyingi, vituo vya redio na wasanii hutenga siku maalum ya kusherehekea sauti zenyewe: sauti za soko, za mto, za mashine, za ngoma na za watu. Sauti hizo hurekodiwa, huunganishwa kwa njia mpya, kisha hupeperushwa hewani au kusikilizwa na umma mahali pa wazi. Kazi ya namna hii huitwa sanaa ya sauti, na inapoandaliwa kwa ajili ya matangazo huitwa sanaa ya redio.

Makala haya yanaeleza sanaa hii ilikoanzia, siku zinazoadhimishwa, yale ambayo Wakenya wamefanya, na mambo ambayo kikundi cha jamii kinafaa kujua kuhusu sheria kabla ya kuandaa sherehe kama hiyo.

Sanaa ya sauti ni nini?

Mwanamuziki wa kawaida huanza na ala na wimbo. Msanii wa sauti huanza na kusikiliza. Anaweza kurekodi mashine ya kumenya kahawa ikifanya kazi, kisha akairudisha polepole ili msikilizaji asikie mdundo uliofichika ndani ya kelele. Anaweza kuweka sauti ya mvua juu ya mabati kando ya sauti ya bibi anayesimulia ukame wa miaka iliyopita. Anaweza pia kuacha rekodi ilivyo, bila kuongeza chochote, ili aliye mbali asikie asubuhi ya kijiji kizima.

Neno "majaribio" hutumika kwa sababu msanii hafuati kanuni za wimbo wala za taarifa ya habari. Hajui matokeo yatakuwaje mpaka ajaribu.

Mwanzo wake uko Afrika

Vitabu vingi huanza historia hii mjini Paris. Mwaka wa 1948, Pierre Schaeffer, aliyekuwa mhandisi wa redio ya Ufaransa, alirekodi magari ya moshi katika stesheni ya Batignolles na kutengeneza kazi iliyopeperushwa na redio hiyo tarehe 5 Oktoba mwaka huo.

Hata hivyo, Mwafrika alikuwa amemtangulia kwa miaka 4. Mwaka wa 1944, Halim El-Dabh, kijana kutoka Cairo, Misri, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio. Alikwenda kurekodi sherehe ya zaar, ambayo ni ibada ya uponyaji inayoendeshwa na wanawake kwa nyimbo na ngoma. Baadaye aliipeleka rekodi hiyo studioni, akaondoa baadhi ya sehemu za sauti, akaongeza mwangwi, na kuiwasilisha katika ukumbi wa sanaa mjini Cairo. El-Dabh alifariki mwaka wa 2017 nchini Marekani akiwa na umri wa miaka 96. Kazi yake inaonyesha kwamba sanaa hii haikuletwa Afrika kama jambo geni. Mojawapo ya kazi zake za kwanza kabisa ilitokana na sherehe ya jamii ya Kiafrika na mtambo ulioazimwa redioni.

Siku tatu zinazoadhimishwa

Siku ya kwanza ni tarehe 17 Januari, inayojulikana kama Siku ya Kuzaliwa kwa Sanaa. Mwaka wa 1963, msanii Mfaransa Robert Filliou alisema kwa mzaha kwamba sanaa ilizaliwa miaka 1,000,000 iliyopita, siku mtu alipodondosha sponji kavu ndani ya ndoo ya maji. Tarehe aliyochagua ilikuwa siku yake mwenyewe ya kuzaliwa. Leo mzaha huo umekuwa sherehe ya kweli. Vituo vya redio vya Ulaya na vikundi vya wasanii katika nchi mbalimbali hubadilishana sauti siku hiyo, kama majirani wanaopelekeana chakula wakati wa sikukuu.

Siku ya pili ni tarehe 13 Februari, Siku ya Redio Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2011. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa Redio ya Umoja wa Mataifa ilianza tarehe 13 Februari 1946.

Siku ya tatu ni tarehe 18 Julai, Siku ya Kusikiliza Duniani. Ni siku aliyozaliwa R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki kutoka Canada aliyefundisha watu kuchunguza sauti za mahali wanapoishi. Schafer alisisitiza kwamba kila mahali pana sauti zake, na kwamba sauti hizo zinaweza kupotea kama vile msitu unavyoweza kukatwa.

Wakenya wamefanya nini?

Msanii Mkenya anayejulikana zaidi katika fani hii ni KMRU, ambaye jina lake ni Joseph Kamaru. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwanamuziki maarufu wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka wa 2018. KMRU alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Albamu yake ya Peel ilitoka mwaka wa 2020 na kumpa wasikilizaji katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya kazi zake hutokana na sauti alizorekodi nje, si studioni.

Jijini Nairobi kuna pia mradi wa Sound of Nairobi, ambao hukusanya sauti za jiji na kuzihifadhi ili wananchi wazisikilize.

Kazi nyingine ya KMRU, Temporary Stored ya mwaka wa 2022, inagusa suala zito. Aliitengeneza kutokana na rekodi za sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Rekodi hizo zilichukuliwa Afrika, lakini vizazi vya waliorekodiwa havikuweza kuzisikia kwa urahisi.

Kenya ina mfano wake wa jambo hilo. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika kijijini. Rekodi hiyo ilijulikana sana ng'ambo. Ilikuwa hadi miaka ya 2010 ambapo hifadhi aliyoianzisha Tracey, inayojulikana kama ILAM, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilianza kuwarudishia wanajamii nchini Kenya rekodi za aina hiyo. Wengi wa walioimba walikuwa wameshafariki.

Funzo hapo ni kwamba kurekodi peke yake hakutoshi. Ni lazima jamii ijue rekodi iko wapi, ni ya nani, na itasikika vipi nyumbani.

Sauti za Meru na Embu

Kaunti hizi mbili zina utajiri wa sauti. Upande wa Meru kuna soko la Gakoromone, shughuli za miraa katika vilima vya Nyambene, maji ya mto Kathita na usiku wa Mbuga ya Taifa ya Meru. Upande wa Embu kuna mto Rupingazi, viwanda vya kahawa na vituo vya majani chai vya Manyatta na Runyenjes, na nyanda kavu za Mbeere zinazoshuka hadi mabwawa ya mto Tana. Katikati ya kaunti hizi, Tharaka-Nithi, kuna wapiga ngoma wa Chuka, ambao hushikilia ngoma zao ndefu katikati ya miguu wanapocheza.

Baadhi ya sauti hizi hazitakuwepo daima. Mashine za zamani za kahawa hubadilishwa. Vijito hupungua wakati wa kiangazi. Nyimbo za kazi husahaulika kazi yenyewe inapofanywa kwa njia nyingine. Wazee wanaojua maneno ya Kimeru, Kiembu na Kimbeere yanayotumika katika nyimbo hizo wanazidi kupungua. Hatari hii imetambuliwa kwingine nchini: ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Wakati huohuo, redio za lugha za hapa zipo tayari hewani. Mwariama FM ya KBC na Muuga FM husikika Meru, Wimwaro FM hutangaza kwa wakazi wa Embu, na Tigania kuna redio ya kijamii ya Mugambo Jwetu, jina linalomaanisha "sauti yetu". Kikundi chenye rekodi nzuri ya nusu saa kinaweza kuomba nafasi katika vituo kama hivi badala ya kutafuta mitambo yake.

Sheria zinasemaje?

Utamaduni ni jukumu la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti mamlaka juu ya shughuli za kitamaduni, burudani za umma na pia udhibiti wa kelele.

Nyimbo za jadi zina ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016 inahusu nyimbo, ngoma, hadithi na sauti za jamii. Anayetaka kuzitumia anapaswa kupata ridhaa ya wenyewe mapema, baada ya kuwaeleza atakachofanya. Sheria hiyo pia inaipa serikali ya kaunti jukumu la kuweka rejista ya urithi huo.

Anayepanga kurekodi ndiye mwenye haki za rekodi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtu aliyefanya mipango ya kurekodi ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye rekodi, na haki hizo hudumu miaka 50. Kwa hiyo kikundi kinachomkaribisha mgeni na vifaa vyake bila maandishi kinaweza kujikuta kikiomba ruhusa ya kutumia sauti za wazee wake chenyewe. Makubaliano yaandikwe kabla ya kifaa kuwashwa, yakionyesha nani ana nakala, nani anaweza kuuza, na mapato yatagawanywaje.

Watu waombwe idhini. Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi.

Mtambo wa FM unahitaji leseni. Hakuna anayeruhusiwa kurusha matangazo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, hata kwa mtambo mdogo ulionunuliwa kwa bei nafuu. Kusikiliza rekodi pamoja kwa vipaza sauti, bila kurusha mawimbi, hakuhitaji leseni ya masafa.

Kelele ina kiwango. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba katika makazi wakati wa mchana, na 35 usiku. Usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Shughuli ya kusikiliza ni rahisi kuipanga ndani ya viwango hivi, kwa kuwa sauti nyingi za sanaa hii ni za chini. Hata hivyo, waandaaji waulize mapema kuhusu kibali cha vipaza sauti.

Kujiandaa kwa gharama ndogo

Simu ya kawaida inatosha kuanzia. Iwekwe katika hali ya ndege ili isilie katikati ya kazi, na ifunikwe kitambaa chepesi pale penye upepo. Anayerekodi akae kimya kwa angalau dakika 3, kwa kuwa sauti nyingi hujitokeza watu wanaponyamaza. Alfajiri ni wakati mzuri zaidi wa kurekodi ndege na mito, kabla ya pikipiki kuanza kazi.

Faili ya kwanza isihaririwe wala kufutwa. Itumwe kama faili kamili, kwani programu nyingi za ujumbe hupunguza ubora wa sauti. Ipewe jina linaloonyesha mahali, tarehe na aliyerekodiwa. Nakala 3 ziwekwe sehemu tofauti, na moja kati yake ibaki katika jamii: shuleni, maktabani au kwa kikundi cha wazee.

Siku ya sherehe, ratiba inaweza kuwa fupi: wazee waeleze sauti za zamani, vijana wasikilizishe kazi walizounda, kisha wote watembee pamoja kwa kimya hadi sokoni au mtoni wakisikiliza. Waandaaji wahakikishe kwamba waliorekodiwa wanasikia rekodi zao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wapi pa kuanzia

Kikundi chenye nia kinashauriwa kufika kwanza katika afisi ya msimamizi wa wadi, kisha idara ya utamaduni ya kaunti yake, kikiwa na orodha ya sauti kinazotaka kurekodi na majina ya wazee waliokubali. Maswali kuhusu hakimiliki hupelekwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kikundi kinachotaka kushiriki tarehe 13 Februari kianze kurekodi miezi kadhaa mapema, kwa kuwa msimu wa mvua, wa mavuno na wa kiangazi kila mmoja una sauti zake, na ukipita itabidi kungoja mwaka mzima.