Mvua ndani ya lungo

Jaribuni jambo hili leo jioni. Mwambie mtoto afumbe macho, kisha mimina maharagi makavu kidogo kidogo juu ya lungo. Muulize: «Unasikia nini?» Wengi watajibu: «Mvua!»

Sikio halioni. Linaamini hadithi inayosimuliwa. Ndiyo maana watu wa redio na sinema hutengeneza sauti kwa vyombo vya nyumbani. Katika sinema, kazi hiyo huitwa kwa jina la Mmarekani Jack Foley (1891–1967). Sisi tunaweza kuifanya kwa telefone. Mfuko wa biskuti ukifinywafinywa karibu na telefone, ni moto unaowaka. Kitenge kikikung'utwa, ni ndege mkubwa anaruka. Maharagi yakizungushwa polepole ndani ya lungo, ni mawimbi ya ziwa kule Kyavinyonge. Funga mlango, zima redio, sogeza telefone karibu: sauti ndogo inakuwa kubwa.

Lakini kuna jambo nililojifunza kwa aibu. Nikifundisha Beni, nilitayarisha hadithi ya sungura pamoja na watoto wa darasa langu. Nilitaka radi, basi nikatikisa kipande cha bati nyuma ya mlango. Hawakusikia radi. Wengine waliingia chini ya mabenchi, msichana mmoja akakimbia hadi barabarani. Tangu Oktoba 2014, familia nyingi za Beni zimeona mauaji na kukimbia usiku. Nilikuwa nimesahau kwamba watoto nao wanakumbuka.

Kesho yake nikaleta bati mbele yao. Wakaliona, wakaligusa. Nikampa yule msichana alitikise mwenyewe. Akakataa, sikumlazimisha. Siku ya tatu akaliomba. Alilitikisa polepole sana, akasema: «Mwalimu, radi bado iko mbali.» Tuliirekodi hivyo hivyo, na ndiyo radi ya hadithi yetu mpaka leo.

Kwa hiyo, wamama wa Beni na Butembo, mkitengeneza hadithi na watoto, waonyesheni kwanza kitu kinachotoa sauti. Mtoto atikise mwenyewe, aache akitaka. Tusitengeneze risasi wala vilio. Hizo wamezisikia vya kutosha. Na mtoto anayeshtuka kila siku au asiyelala usiku, mchezo hautoshi: mpelekeni kwenye kituo cha afya.

Jumapili hii, anzeni na mvua.