Safari za Kikazi: Nani Ajua Ulipo?

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hiyo ingali na ukweli wake kijijini, ambako mtu aliyetoka nyumbani asubuhi hurejea jioni na habari, kama si na mzigo wa kuni. Lakini katika makampuni makubwa ya dunia ya leo, mwenda bure hana nafasi tena. Kabla mfanyakazi hajakatiwa tiketi, huulizwa maswali mawili: anakwenda kufanya nini, na huko aendako nani atajua alipo?

Ndugu askari, maswali hayo si mageni kwetu. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba hakuna mtu atokaye kambini bila hati ya safari, nayo huandikwa jina lake, kazi aliyotumwa, njia atakayopita na siku ya kurejea. Kwa miaka mingi wafanyabiashara waliliona jambo hilo kuwa ni ukali wa kijeshi. Sasa wao wenyewe wanalifuata.

Hebu tuanze na fedha. Chama cha kimataifa kinachoshughulikia safari za biashara kilikadiria kwamba mwaka 2019 makampuni ya dunia yalitumia zaidi ya dola trilioni 1.4 kwa safari za watu wao. Mwaka uliofuata ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege, na matumizi hayo yakashuka hata chini ya nusu. Hapa Uganda, uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa ndege za abiria mwezi Machi 2020, usifunguliwe hadi mwezi Oktoba.

Katika kipindi hicho mameneja walijifunza kukutana kwa njia ya video, kila mmoja akiwa amekaa kwake. Mnamo Novemba 2020 tajiri Bill Gates alitabiri kwamba zaidi ya nusu ya safari za biashara zingetoweka moja kwa moja. Kwa hesabu ya fedha, utabiri huo haukutimia. Kufikia mwaka 2024 matumizi yalikadiriwa kuwa yamerudi karibu na kiwango cha mwaka 2019. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba tiketi na vyumba vya hoteli vilipanda bei katika miaka hiyo, kwa hiyo fedha ile ile hainunui tena safari zile zile.

Safari iliyokatwa zaidi ni ile ya mtu mmoja kwenda kusikiliza taarifa ambayo angeweza kusomewa kwa simu. Iliyobaki ni ile ambayo mashine haiwezi kuifanya: kukagua mtambo, kutia saini mkataba mkubwa, kupatana na mtu msiyejuana naye. Tena wengi sasa huunganisha shughuli mbili au tatu katika safari moja, na wengine huongeza siku za mapumziko kwa gharama zao wenyewe. Hali kadhalika, moshi wa ndege umeingia katika hesabu. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 2023 sheria inakataza baadhi ya safari fupi za ndege za ndani pale ambapo garimoshi humfikisha abiria kwa muda usiozidi saa mbili na nusu.

Hayo ni ya mfuko. La pili ni la uhai, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wenye sare.

Tarehe 20 Novemba 2015, watu wenye silaha waliivamia hoteli ya Radisson Blu mjini Bamako, nchini Mali, wakawashika watu wapatao 170. Wengi wao walikuwa wasafiri wa kikazi, wakiwamo wafanyakazi wa mashirika ya ndege. Watu 20 wakauawa. Tarehe 15 Januari 2019, jirani zetu wa Nairobi walishambuliwa katika majengo ya hoteli ya DusitD2, yenye ofisi nyingi za makampuni. Watu 21 walipoteza maisha, akiwamo ofisa wa polisi, na zaidi ya 700 wakatolewa salama. Katika siku kama hizo kampuni isiyojua watu wake wamelala wapi haina la kuwaambia jamaa zao.

Nami nina ushuhuda wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye mkutano wa siku mbili katika mji mkuu wa nchi jirani. Nilipofika, hoteli niliyoandikiwa ilikuwa imejaa, nikahamishiwa nyingine. Nilichoka, nikalala bila kupeleka habari. Usiku huo moto ukazuka katika mtaa wa ile hoteli ya kwanza. Ofisa wa zamu akapiga simu kule, akajibiwa kwamba mtu wa jina hilo hakuonekana. Hata asubuhi nilipowasha simu, mke wangu alikuwa amekesha akilia, na mkubwa wangu alikwisha anza kuuliza katika hospitali za mji ule. Sikuwa na jeraha lolote. Kosa lilikuwa langu, nalo lingeepukwa kwa ujumbe wa maneno matano.

Kwa sababu ya mambo ya namna hii, mwezi Septemba 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwongozo wenye namba ISO 31030, unaohusu hatari za safari za kikazi. Mwongozo huo si sheria, lakini unamtaka mwajiri apime hatari kabla ya safari, amweleze msafiri hali ya mahali aendako, aweze kuwasiliana naye, na awe na mpango wa kumwokoa yakitokea maafa.

Afrika Mashariki imo katika mabadiliko haya. Kigali ilifungua jumba lake kubwa la mikutano mwaka 2016. Shirika la Ndege la Uganda lilirudi angani mwezi Agosti 2019. Mwezi Januari 2024 Kampala ilipokea, huko Munyonyo, mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, na mara baada yake ule wa Kundi la 77 na China. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda waweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Na katika vituo vya pamoja, kama Mutukula kilichozinduliwa mwaka 2017 na Busia mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili humkagua msafiri chini ya paa moja, upande wa nchi anayoingia.

Kwa hiyo, mtu wa kwanza kuonana na mfanyabiashara mgeni si waziri wala meneja wa benki. Ni askari wa mpakani, wa uwanja wa ndege, au yule asimamaye langoni mwa hoteli usiku wa manane. Akimkagua vizuri, kwa macho makali na ulimi wa heshima, amelinda uhai wa mgeni na jina la nchi kwa pamoja. Akimdai chochote kisicho halali, mgeni hatabishana naye. Atatimiza shughuli yake, na safari ijayo ataipeleka kwingine.

Nawe ndugu askari utakapotumwa safari, usiidharau hati yako. Ukibadili njia, toa habari. Ukibadili malazi, toa habari. Ukirejea, andika taarifa ya ulichokipata, ili posho uliyolipwa ionekane imezaa kitu.

Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kama mgeni hakufika salama, wala hakurudi kwao salama.